Kampasi Tatu, Paspoti Moja

Asalaam aleikum jamaa wa Unguja na Pemba. Kila msimu wa maombi swali ni lile lile: "Ile skuli ya biashara ya Ufaransa yenye kampasi mpaka Singapore, Mzanzibari anaingia?" Anaingia. Wanaokwama hawakwami mlangoni, wanakwama katikati ya masomo, pale wanapotaka kuhama nchi na paspoti ya Tanzania. Vipeperushi vya skuli, jambo hilo havilitaji, kwa sababu mwenzako wa darasani mwenye paspoti ya Ujerumani halimhusu sana.

Tuichukue INSEAD, maana ndiyo inayoulizwa zaidi. Ilianzishwa 1957 na makao yake ni Fontainebleau, mji uliozungukwa na msitu kusini mwa Paris, dakika 40 hivi kwa treni kutoka Gare de Lyon. Kampasi ya Singapore ilifunguliwa 2000, ikafuata Abu Dhabi, na 2020 ikaongezwa San Francisco. MBA yake, yaani shahada ya uzamili ya biashara, ni miezi 10 tu, imegawiwa vipindi vitano vya karibu miezi miwili kila kimoja. Unaanzia Fontainebleau au Singapore, kisha masomo ya lazima yakipungua unaomba kubadilisha kampasi. Kuomba si kupata. Nafasi zina kikomo. Mikupuo ni miwili, Januari na mwishoni mwa Agosti. Wa Januari una mapumziko ya katikati yanayotosha kufanya kazi ya majaribio kwenye kampuni, wa Agosti hauna. Mwalimu anayetaka kuhamia benki aende na Januari.

Sasa viza. Anayeanzia Ufaransa hupewa viza ya muda mrefu, VLS-TS, ambayo ndiyo kibali cha ukaazi pia. Lakini haiwi kibali hivi hivi. Ndani ya miezi 3 tangu ufike unatakiwa uithibitishe mtandaoni, ulipe kodi yake, na uhifadhi cheti unachopewa. Asiyefanya hivyo, miezi mitatu ikipita naye ameshatoka kwenda Singapore kipindi cha tatu, hawezi kurudi Ufaransa mpaka aombe viza upya, na darasa halimsubiri. Ithibitishe wiki ya kwanza, kabla hata hujajua duka la nyama ya halali liko wapi.

Anayeanzia Singapore, skuli humfungulia maombi ya kibali cha mwanafunzi kwenye SOLAR, mfumo wa mtandaoni wa uhamiaji wa Singapore, akapata barua ya idhini ya awali, na akifika anakamilisha taratibu zilizobaki. Akitaka baadaye kwenda Fontainebleau, ahesabu siku. Kipindi kimoja kinaingia ndani ya siku 90, kwa hiyo viza ya kawaida ya Schengen, ile moja ya muda mfupi kwa nchi nyingi za Ulaya, hutosha. Viwili haviingii, anahitaji ya muda mrefu. Na zile siku 90 ni kati ya kila siku 180, kwa nchi zote za Schengen kwa pamoja. Wikiendi ya Barcelona imo humo humo.

Maombi ya viza ya Schengen hupokewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na si chini ya siku 15 kabla. Jibu la kawaida ni ndani ya siku 15, lakini sheria inawaruhusu kufika 45. Omba huko huko Singapore, ulipo na kibali halali, usingoje urudi nyumbani. Sasa piga picha: kipindi ni wiki nane, mapumziko baina ya vipindi ni mafupi, na paspoti yako imelala ubalozini. Wenzako wanakwenda Bali, wewe huendi. Ndiyo maana mtu akituuliza tunamwambia achague hama moja, si mbili. Kampasi tatu ndani ya miezi 10 ni raha ya mwenye paspoti nyingine. San Francisco ndiyo ngumu kuliko zote, kwani masharti ya Marekani kwa wageni hubadilika ghafla. Soma yaliyopo mwezi huo unaoomba.

Kabla ya hayo yote, nyaraka za nyumbani. Tatizo letu kubwa ni majina. Cheti cha kuzaliwa kinasema Khamis Juma Ali, cha Form Four kinasema Hamis J. Ally, Kitambulisho cha Mzanzibari kina la tatu. Ukisimamishwa mlangoni kwenye chumba cha GMAT, mtihani wa kuombea skuli za biashara, kwa sababu jina la usajili halifanani na la paspoti, hufanyi mtihani, na usitegemee kurudishiwa pesa. Maliza hilo kwanza kwa Wakala wa Usajili wa Matukio ya Kijamii, ndipo uende Uhamiaji. Cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi kitatakiwa tena Ufaransa unapojisajili kwenye bima ya afya; kama ni cha Kiswahili kitupu, kitafsiriwe na mfasiri aliyeapishwa.

GMAT ya sasa ni saa 2 na dakika 15: sehemu tatu za dakika 45, maswali 64, alama kuanzia 205 hadi 805, na matokeo yanadumu miaka 5. Kuifanya nyumbani kunaruhusiwa, lakini uwe peke yako chumbani, kamera imewashwa, na umeme ukizimika katikati uko mashakani. Bora uvuke Dar. Ikiwa ni msimu wa kusi, hususan ukitokea Pemba, vuka siku mbili kabla, boti huahirishwa.

GPA, yaani wastani wa alama zako za chuo, usiigeuze mwenyewe. Vyuo vyetu vinahesabu kati ya 5, na watu wa udahili wamezoea 4. Andika "3.8 kati ya 5" na uambatanishe ufafanuzi wa madaraja ulio kwenye transkripti.

Ada inapita euro 100,000, bila nyumba wala chakula. Kampuni zinazokopesha wanafunzi wa kigeni bila mdhamini zipo, ila ni mikopo ya riba. Asiyeitaka riba aanze na ufadhili wa skuli yenyewe. Upo wa Greendale Foundation uliowekewa watu wa mashariki na kusini mwa Afrika, Tanzania imo. Karibu kila ufadhili una insha yake, na insha moja iliyonakiliwa kwa wafadhili wanne hujulikana. Chevening, ufadhili wa serikali ya Uingereza, haifai hapa, ni ya kusoma Uingereza tu.

Ukituma amana ya kushikia nafasi, mwambie mtu wa benki gharama zote zikatwe kwako, yaani aweke OUR, si SHA. Kwa SHA benki za njiani hukata zao, pesa zinafika pungufu, na skuli inahesabu hujalipa.

Kwa wanaotafuta shahada ya kwanza, ESCP, skuli nyingine ya biashara ya Ufaransa iliyoanzishwa 1819, ina kampasi Paris, London, Berlin, Madrid, Turin na Warsaw, na shahada yake ni miaka mitatu katika nchi tatu. Hapo unapumua kidogo, mwaka mzima kila nchi. London ina viza yake peke yake tangu Uingereza itoke Umoja wa Ulaya.

Nyumba: usilipe kodi mbili kwa mpigo. Tafuta mwanafunzi anayehama upande wa pili mbadilishane vyumba, tena mapema, maana Fontainebleau wengi hukaa vijijini na bila gari utahangaika. Ufaransa dipoziti ya nyumba yenye fanicha haizidi kodi ya miezi miwili. Siku ya kupokea funguo mnajaza karatasi ya hali ya nyumba: andika kila mkwaruzo, piga picha mpaka ndani ya oveni, kwani kisichoandikwa siku ya kuingia hukatwa kwako siku ya kutoka.