Mikanda kwanza, rangi mwisho: nilivyokarabati kigari cha mtoto cha kale

Vigari vya watoto vya Uingereza vya mwanzoni mwa karne ya 20 vimefuata umbile la magari ya farasi. Kile alichobuni msanifu majengo William Kent mwaka 1733 kwa watoto wa Duke wa Devonshire kilivutwa na mnyama. Mpini wa kusukumia ulienea katika karne ya 19. Katika kigari changu kitanda hakikalii fremu, kinaning'inia kwenye mikanda ya ngozi iliyoshikwa na springi za umbo la C. Ulaini wote wa mwendo unatoka hapo, ndiyo maana nilianza na mikanda.

Ngozi kuukuu hukatikia penye bizimu. Chuma hupata kutu, kutu hula ngozi, na uzito wote unaangukia tundu hilohilo. Nilivua mikanda yote minne, hata iliyoonekana mizima. Mipya niliikata kwenye ngozi moja ya ng'ombe, unene milimita 4, kwa kufuata uti wa mgongo. Ngozi ya tumboni hurefuka. Ukiichanganya na ya mgongoni, kitanda kitalala upande. Matundu niliyatoboa kwa chuma cha duara, kwani mpasuo wa kisu huendelea kuchanika kwenye ncha zake. Kisha niliweka mfuko wa mchanga wa kilo 10 kitandani, nikauacha ulale humo usiku kucha, ndipo nikakaza kwa kufuata pimamaji.

Tairi ni mpira mzito usio na upepo, wenye waya katikati. Hapa wengi hukosea: hukata mpira sawa na mzingo wa ringi, na baada ya muda kiungo huachia. Ringi yangu ina kipenyo cha sentimita 50 ndani ya mfereji, yaani mzingo wa 157. Nilikata mpira wa 161. Unausukuma nyuma ujikunje, unakaza waya na kuuunga, kisha unauachia mpira urudi ufunike kiungo. Spoku zilizolegea zikazwe kabla ya hapo.

Rangi za enzi hizo mara nyingi zina madini ya risasi, ambayo ni sumu. Nilisugua kwa msasa wa maji, kamwe si mkavu, na matope yake nikayafuta kwa vitambaa vya kutupa. Hata baada ya kazi yote hiyo simpakii mtoto humo: hakuna mkanda wa kumfunga, na breki inakamata gurudumu moja tu.