Siku moja ya Februari katika biashara ya unga, Lubumbashi

Kabla ya saa kumi na moja alfajiri simu yangu huwa imeshaita. Ni dereva aliyelala Kasumbalesa, mpakani mwa Kongo na Zambia, ambaye ananijulisha kama lori letu limevuka au lingali kwenye foleni, na jibu lake ndilo litakaloniambia asubuhi hii niwauzie akina mama wa soko kwa bei gani. Sehemu kubwa ya mahindi na unga wa bukari, yaani ugali, tunaoula hapa mjini hutoka ng'ambo ya mpaka huo. Mwaka 2024 ukame ulipounguza mashamba ya Zambia, hata serikali yao ikatangaza janga la kitaifa mwezi Februari, sufuria za Katuba na Ruashi, sehemu za mji wetu, zilipungua pia. Tangu wakati huo nimeongeza manunuzi kwa wakulima wa pande za Kipushi na Kasenga, ingawa barabara zao wakati wa mvua hula magurudumu na subira.

Saa kumi na mbili niko ghalani, Kampemba. Kazi ya kwanza simwachii mtu: naingiza mkono ndani ya gunia hadi kwenye kiwiko, kwa kuwa mahindi yenye unyevu huwa na joto katikati hata yakiwa makavu juu. Kisha nang'ata punje. Ikivunjika kwa mlio mkali, imekauka. Ikibonyea chini ya jino, gunia linarudi juani, na hata kipimo cha mashine kikisoma unyevu wa asilimia 13 bado nang'ata punje. Mahindi yaliyowekwa mabichi huota ukungu, na ukungu huo huzaa sumukuvu, sumu isiyokwisha kwa kupikwa na inayoharibu ini la anayeila. Nimewahi kuambiwa kwamba chakula cha msaada hakihitaji ukaguzi mkali kama cha kuuza. Nalikataa neno hilo kwa moyo wote: anayepewa bure hana uwezo wa kurudisha mfuko dukani.

Saa tatu nafika soko la Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi wenye jina hilo. Mimi huuza mifuko ya kilo 25, na bei yake huhesabiwa kwa dola. Akina mama huufungua mfuko na kuuza kwa meka, yaani kopo la kupimia, kwa faranga, kwa mteja ambaye fedha yake inatosha chakula cha jioni moja tu. Dola ikipanda kati ya asubuhi na jioni, hasara inamwangukia mama aliyeketi juani. Kwa sababu hiyo nawapa mfuko kwa deni na kufunga kiwango cha faranga siku hiyohiyo, hata kama kesho kitabadilika. Leo mkubwa wao, ambaye namwita Yaya, alinishika mkono.

«Mdogo wangu, watu wameanza kuomba nusu meka.»

Sentensi hiyo ilinitosha kuliko ripoti yoyote. Januari hadi Machi ndiyo miezi mibaya kwetu: akiba ya mavuno yaliyopita imekwisha, na mahindi mapya hayajakauka shambani.

Saa sita mchana tunapeleka chakula katika hospitali moja ya umma. Katika hospitali zetu nyingi mgonjwa hulishwa na ndugu zake, na asiye na ndugu karibu hutazama sahani za wenzake. Tunapika bukari, maharage na lengalenga, yaani mchicha. Watoto wanapata uji wa mahindi uliochanganywa na soya, maana mahindi peke yake hayana protini ya kutosha kumjenga mtoto. Mpishi hupima gramu 400 za unga kwa mtu mzima kwa siku, kipimo ambacho mashirika ya chakula hukitumia, na sahani hufika saa ileile kila siku. Faida ya biashara ndiyo inayolipa jiko hili. Baba yangu alikuwa mfanyakazi wa mgodi, na kila mwezi kampuni ilimpa mfuko wa unga. Posho ile ilipokatika, mama alijifunza kugawa bukari kwa kijiko, nami nikaanza kuuza meka mbele ya uzio wetu. Niliona mapema kwamba mwenye njaa huumizwa pia na kutojua kama kesho kutakuwa na chakula.

Alasiri huishia kwenye stakabadhi, mafuta ya lori na fundi wa mashine ya kusaga.

Saa kumi na moja jioni tunakaa na binti yangu na mtunza ghala kuzungumzia akiba. Kila mwaka, mavuno yanapoingia na bei ikiwa chini, naweka kando mahindi ambayo hatuyagusi hadi miezi ya njaa. Ndipo tunayauza kwa bei tuliyonunulia, tukiongeza gharama ya kusaga na kusafirisha tu. Wafanyabiashara wakubwa huyanusa haraka na kutuma watu wao, kwa hiyo tunawauzia akina mama walioandikwa katika daftari, kila mmoja mfuko mmoja, na bei ya meka tunakubaliana nao kabla mfuko haujatoka. Binti yangu alitaka tusubiri Machi, naye ana hoja, kwa sababu tukimaliza mapema hatutakuwa na cha kuzuia bei ikipanda zaidi. Nikamkumbusha maneno ya Yaya. Tumekubaliana kufungua theluthi moja Ijumaa, tuanze na Katuba, na mashine ya kusaga iwashwe kesho saa kumi na mbili asubuhi.