Siku moja na watoto wa maktaba, Mtwara

Saa moja asubuhi. Chai ya rangi na mhogo wa kukaanga pale Magomeni, kisha bajaji. Hapo hakuna la kusimulia.

Saa mbili na nusu. Nafungua madirisha yote, maana joto la Oktoba Mtwara halina huruma, halafu napanga rafu za sehemu ya watoto. Namba 398, ambayo kwa mpangilio wa maktaba ni ya ngano, yaani hadithi za kale, ndiyo huvurugwa kila siku: sungura, fisi, mazimwi. Zamani nilikuwa nagombeza, siku hizi nafurahi. Rafu inayonisikitisha ni ya vitabu vya msaada kutoka ng'ambo. Ni vya Kiingereza, jalada linang'aa, ndani theluji tupu, na vumbi lake nalifuta mimi peke yangu. Anayetaka kutusaidia alete vitabu vyembamba vya Kiswahili, herufi kubwa, nakala tano tano za kila kimoja.

Saa nne. Matengenezo. Kitabu kilichoachia mgongo nakishona kwa sindano na uzi, kisha napaka gundi. Selotepu kwa joto hili hukauka na kubanduka, ikaondoka na maandishi.

Saa tano anaingia babu wa magazeti.

"Shikamoo babu."

"Marahaba mjukuu wangu. Gazeti la leo limefika?"

Huyu alijua kusoma akiwa mtu mzima, enzi za kisomo, baada ya Mwalimu Nyerere kuutangaza 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima. Hupenda kunikumbusha kwamba Maktaba Kuu ya Taifa kule Dar ilifunguliwa na Mwalimu mwenyewe, 1967. Husoma kwa kunong'ona, kidole kikifuata mstari, na watoto wakimkuta humwiga bila kuambiwa.

Saa nane na nusu ndipo kazi inapoanza. Sare zimelowa jasho, viatu mlangoni, foleni kwenye daftari la wageni. Wa darasa la kwanza anaandika jina lake huku ametoa ulimi, na nyuma wenzake wanamsukuma. Namwachia amalize.

Leo kuna mtoto wa darasa la pili aliyekaa na kitabu ubavu.

"Baba, kigeuze."

"Nikigeuza sioni vizuri, anti."

Kumbe darasani kwao kitabu ni kimoja kwa dawati zima, na yeye hukaa pembeni. Herufi kazizoea zikiwa zimelala. Nikawa nakizungusha kidogo kila tukifunua ukurasa, mpaka kikakaa sawa bila yeye kustuka. Akasoma: fi-si a-ka-ki-mbi-a. Silabi zote kazipata. Nikamuuliza, nani kakimbia? Kimya, ananitazama tu. Tukarudia, safari hii nikitangulia mimi yeye akifuata. Mara ya tatu akaanza kucheka kabla hatujafika pale fisi anapotumbukia shimoni. Hapo ndipo nikasema huyu kasoma. Mwalimu mwenye darasa lililofurika hana nafasi ya mara ya tatu kwa kila mtoto. Mimi ninayo, na hakuna anayesubiri alama. Ukiniuliza maktaba inamfaa nini mtoto, jibu langu ni hilo.

Saa kumi. Mama mmoja kaja juu: "Dada, huyu ana upimaji wa darasa la nne, mpe vitabu vya maswali. Hadithi zinampotezea muda." Nikamfunulia karatasi ya Kiswahili ya mwaka uliopita, sehemu ya ufahamu. Si hadithi hiyo? Akaguna, akaondoka na vyote viwili.

Nyuma yake bibi na mjukuu. Msimu wa korosho huu, wazazi wako mashambani Tandahimba, kwa hiyo fomu za kuazima zinaletwa na mabibi. Akaniomba nimsomee yote, kuanzia juu. Tulipofika kwenye kitabu kikipotea, akamgeukia mjukuu: "Umesikia?" Kisha akachovya dole gumba kwenye wino, akaligandamiza pale pa saini, akalipangusia kwenye ncha ya kanga. Mjukuu akatoka na kitabu kifuani.

Saa kumi na mbili kasorobo. Nafunga madirisha na kuhesabu vitabu vilivyotoka. Kesho Jumamosi zamu ya kusoma kwa sauti ni yangu, na wameshaniagiza zimwi. Sauti ya zimwi mimi siiwezi, nitamwomba mlinzi.