Siku yangu moja ya kung'oa misizi (miti vamizi), Amani

Saa 11 alfajiri. Mvua imekesha, na huku milima ya Usambara Mashariki ukisubiri jua ndo utoke kitandani utalala mpaka Jumapili. Chai, kiporo cha magimbi, mabuti, huyo nimeondoka.

Saa 1 niko kitaluni. Mbegu za msambu, mti wa asili wa huku, tulizifukia zamani hadi wengine walishakata tamaa, maana msambu haujui haraka, unaweza kukaa miezi na miezi kimya tu. Leo mmoja umepasua udongo! Nikapiga kelele hadi mama anayejaza viriba akakimbia, akadhani nyoka.

Saa 3 tunaingia msituni kung'oa msizi. Kwao Kongo, Uganda na kule Bukoba hauna shida, ila hapa uliletwa enzi za Mjerumani kwa majaribio, baadaye ukapandwa kwa wingi, na penye uwazi tu wenyewe ndo wa kwanza kuchungulia. Miche tunang'oa kwa mkono, ardhi ikiwa imelowa unatoka na mzizi wote. Ile mikubwa tunabandua gome kuzunguka shina unakufa umesimama, ukiuangusha unaponda minyasa michanga, miti yetu ya asili, iliyo chini na tumefanya kazi bure.

Sasa kinachonichekesha, anayetupandia hii misizi ni hondohondo, ndege yuleyule ambaye wageni wanapanda mlima kumpiga picha. Anameza tunda, anaenda kutua mbali, anadondosha kokwa. Chini ya mti mmoja wanapopenda kulala nimeng'oa miche hadi mgongo ukagoma. Na huwezi kumchukia, mbegu za asili nazo anazisambaza hivyohivyo.

Saa 6 ugali maharage, siafu wakatuhamisha mara mbili.

Saa 8 tukabishana. Kijana mgeni kazini kakuta kichaka cha mitambaazi kimefunika mwanya, panga juu, anataka kufyeka chote. Nikamwambia dogo tulia, humo anakaa kale kandege ka mdomo mrefu, duniani kako huku kwetu na kaskazini mwa Msumbiji tu, ukikiona kichaka kama uchafu kenyewe kanaona nyumba. Akanuna, lakini tukakiacha.

Saa 11 tunashuka, miguu matope matupu. Juu yetu mabawa vuuu, vuuu, hondohondo wanne, wakatua kwenye msizi wenye matunda meusi tii. Basi kesho najua pa kuanzia.