Jina langu halikuwemo

Kwa miezi 11 nilikuwa mkaguzi wa gemu la magari hapa Marekani. Kazi yenyewe ni kugonga kuta. Unaliendesha gari hadi kila kona ya kila jengo uone kama litapenya pasipotakiwa. Likipenya, unarudia mara 5 kuhakikisha, kisha unaandika kasoro hiyo. Niliwahi kugundua daraja lililokuwa linameza magari. Siku ile nilifurahi mpaka nikampigia mama Tanga.

Niliajiriwa na wakala, si studio iliyotengeneza gemu. Mkataba ulikuwa wa miezi 3, na kila ukikaribia kwisha hujui kama utapewa mwingine. Malipo kwa saa, bima ya afya hakuna. Miezi ya mwisho tulipiga saa 60 kwa wiki, na nani angekataa huku mkataba wake unaisha Ijumaa? Watu wakihesabu ujira wetu huiacha hofu hiyo nje, wakati nayo ina bei. Mimi sikuthubutu kupanga nyumba kwa mwaka mzima, nikawa nalipia chumba mwezi kwa mwezi, kwa bei ya juu kuliko majirani.

Wiki 6 kabla gemu halijatoka, kibarua kikaota nyasi. Kitambulisho changu hakikufungua mlango.

Ndiyo maana nawaheshimu sana wakaguzi wa Raven Software, studio ya gemu kule Wisconsin. Desemba 2021 wenzao 12 waliambiwa mikataba yao basi, wengine wakiwa wamehamia huko kwa gharama zao wenyewe. Waliobaki wakagoma wiki kadhaa. Mei 2022 wakapiga kura ya kuunda chama cha wafanyakazi: 19 walikubali, 3 walikataa. Kikundi kidogo hivyo, ndani ya Activision, kampuni ambayo Microsoft iliinunua mwaka uliofuata kwa karibu dola bilioni 69! Miezi 3 baada ya kuinunua, Microsoft ilitangaza kupunguza watu 1,900 upande wa gemu. Najua chama hakizuii yote. Lakini sisi hatukuwa hata na mtu wa kuuliza kwa niaba yetu.

Gemu lilipotoka nililinunua. Nilipita juu ya daraja lile, gari halikuzama. Mwishoni majina ya waliolitengeneza yakaanza kupanda, mama akitazama nami kwenye simu.

"Rudisha nyuma, mwanangu," akasema. "Labda limepita haraka."

Nikarudisha.