Kutengeneza OLED ya kijani maabarani: uzoefu wangu kuanzia kioo kitupu hadi gundi ya mwisho

Anayetaka kuijua OLED, yaani diodi ya kikaboni inayotoa mwanga, kwa mikono yake asianze na kioo cha simu. Aanze na doa moja la kijani, lenye matabaka mawili tu ya kikaboni kati ya elektrodi mbili. Huo ndio muundo ambao Ching Tang na Steven Van Slyke wa Eastman Kodak, Rochester, waliuchapisha mwaka 1987: kioo chenye ITO (oksidi ya indiamu na bati, elektrodi inayopitisha mwanga), diamini ya nanomita (nm) 75, Alq3 (kiungo cha kikaboni chenye alumini kinachotoa mwanga wa kijani) ya nm 60, na kathodi, yaani elektrodi hasi, ya aloi ya magnesi na fedha. Kabla yao watu walikuwa wameshaona mwanga kutoka kwenye vitu vya kikaboni. Martin Pope na wenzake walifanya hivyo mwaka 1963 kwa fuwele za anthrasini, lakini kwa mamia ya volti, kwa sababu fuwele zile zilikuwa nene. Kodak walishusha unene hadi nm 135 kwa jumla, wakaligawa tabaka mara mbili ili matundu (nafasi zilizoachwa na elektroni, zenye chaji chanya) na elektroni zikutane katikati badala ya kupitiliza, na chini ya volti 10 wakapata zaidi ya kandela 1000 kwa mita ya mraba.

Mimi nilibadilisha vitu viwili. Badala ya diamini za zamani nilitumia NPB, diamini nyingine. TPD, kwa mfano, huanza kulainika kwenye nyuzi 60 hivi za Selsiasi, ikishalainika inaganda fuwele na tabaka linapasuka. NPB inavumilia hadi karibu 95. Na badala ya magnesi na fedha nilitumia litiamu floraidi na alumini, njia iliyotolewa mwaka 1997 na Hung, Tang na Mason, nao wa Kodak. Hataza za kampuni hiyo zinafaa kusomwa na fundi: nambari 4,356,429 ya Marekani ya 1982 na 4,885,211 ya 1989 zilishakwisha muda, na ukiruka madai ya kisheria ukaenda moja kwa moja kwenye mifano, utakuta unene, mpangilio na volti zote zimeandikwa.

Vipande vyangu vya kioo ni vya mm 25 kwa 25, vyenye ITO ya nm 150 hivi na ukinzani wa omu 15 kwa mraba. ITO huchorwa michirizi ya mm 2: nafunika sehemu ninayoitaka kwa utepe wa poliimidi, natumbukiza kioo kwenye asidi ya hidrokloriki yenye joto la nyuzi 40 hadi 50, ndani ya kabati la kuvuta hewa chafu, kisha napima kwa multimita sehemu iliyoachwa wazi. Isiposoma mamilioni ya omu, rudisha. Utepe ubanwe vizuri kwa ukucha pembezoni. Asidi ikipenya chini yake, ukingo wa ITO unabaki na meno, na kila jino ni mahali ambapo tabaka la juu litakuwa jembamba na uga wa umeme utakuwa mkali. Viwandani kingo hizo hufunikwa kwa kizio cha polima kabla ya kitu kingine chochote, na hawafanyi hivyo kwa urembo.

Kuosha ndiko kunakoamua karibu kila kitu. Jumla ya matabaka ni nm 120 hadi 135. Chembe ya vumbi ya mikromita moja ni mara saba ya unene huo au zaidi. Volti 7 juu ya nm 120 ni uga wa karibu volti milioni 60 kwa mita, kwa hiyo penye chembe hapana msamaha. Naosha kwa sabuni ya maabara asilimia 2 kwenye maji yaliyoondolewa ayoni, dakika 15 ndani ya beseni la mawimbi ya ultrasoniki, kisha maji matupu mara mbili, asetoni dakika 10, isopropanoli dakika 10. Isopropanoli iwe ya mwisho: asetoni hukauka haraka mno na kuacha ramani ya madoa. Kioo kikitoka nakiinamisha, napuliza naitrojeni kutoka kona moja ili tone liteleze lote kwa pamoja, halafu nazima taa na kumulika tochi kwa ubavu. Kinachong'aa kama nyota ni vumbi. Kioo hicho kinarudi kwenye isopropanoli.

Baada ya hapo, dakika 15 hadi 20 kwenye mashine ya urujuanimno na ozoni. Kazi yake ni mbili: kuchoma mabaki ya kaboni ambayo sabuni haiyafikii, na kupandisha kazi ya uso ya ITO (nishati inayohitajika kutoa elektroni kwenye uso wake) kutoka karibu elektronivolti (eV) 4.7 hadi karibu 5. NPB inapokea matundu kwenye eV 5.4 hivi, kwa hiyo kila sehemu ya kumi unayoipunguza kwenye pengo hilo inaonekana kwenye volti. Kipimo rahisi ni tone la maji. Kabla ya ozoni linakaa limevimba, baada yake linatandaa lote. Athari hiyo hufifia, hivyo kioo kinaingia kwenye chemba ndani ya dakika 10. Ozoni yenyewe ni sumu ya mapafu, usifungue mashine kabla feni haijamaliza kuitoa.

Chemba naishusha hadi milibari 10⁻⁶ au chini ya hapo. Watu huuliza kwa nini, maana kwenye 10⁻⁴ molekuli tayari zinasafiri karibu mita nzima bila kugongana. Jibu liko kwenye hewa iliyobaki, ambayo sehemu kubwa ni mvuke wa maji. Hata kwenye 10⁻⁶, molekuli zinazogonga uso ndani ya sekunde chache zingetosha kuufunika wote kama zote zingenata. Kwa maabara za pwani, kama Dar es Salaam au Mombasa, chemba isiachwe wazi hata kidogo bila sababu. Kuta zake hunywa unyevu na pampu itahangaika usiku kucha kuutoa.

Unga wa Alq3 na NPB hukaa kwenye vikombe vya kwazi vyenye waya wa kupashia joto, nusu gramu kila kimoja, kisizidi nusu ya kina. Kwanza nyuzi 120 kwa nusu saa, kizibo kinachokinga kioo kikiwa kimefungwa, ili unyevu na mabaki ya viyeyusho vitoke. Kisha napandisha polepole. Unga unapitisha joto vibaya: chini unaiva wakati juu bado baridi, mvuke unajikusanya na kurusha punje. Punje hizo hutua kwenye kioo, na kesho yake unatafuta shoti bila kujua imetoka wapi. Usiongozwe na namba ya kipimajoto, kwani inategemea waya wake umegusa wapi. Ongozwa na kasi. Kwa yote mawili nalenga nm 0.1 hadi 0.2 kwa sekunde, na kizibo hakifunguliwi mpaka kasi itulie kwa dakika kadhaa.

Usafi wa Alq3 naukagua kwa tochi ya nm 365. Unga mzuri unawaka kijani sawasawa wote. Ukiona mabaki ya kahawia yasiyowaka chini ya kikombe, hayo yameoza kwa joto. Tupa, usiongeze mapya juu yake. Unga wa kununua niliusafisha tena kwa kuugeuza mvuke ndani ya bomba refu la kwazi, upande mmoja moto na mwingine baridi: uchafu mwepesi unakimbilia mbali, mzito unabaki, nami nachukua sehemu ya katikati peke yake.

Unene unasomwa na fuwele ya kwazi, na hapa ndipo wengi wanajidanganya. Fuwele inapima uzito, unene ni hesabu tu. Naingiza densiti ya 1.2 kwa NPB, 1.3 kwa Alq3, 2.64 kwa litiamu floraidi na 2.70 kwa alumini. Lakini fuwele haikai pale kilipo kioo, kwa hiyo kila kitu kinahitaji kigezo chake cha nafasi. Weka tabaka ambalo skrini inasema ni nm 100, likwaruze, lipime kwa kifaa cha sindano. Likiwa nm 80, kigezo cha zamani kizidishwe kwa 0.8. Rudia kila unaposogeza kikombe au kubadilisha kishikizo.

Kathodi ya zamani, magnesi kwa fedha kumi kwa moja, ina mantiki nzuri: magnesi hutoa elektroni kwa urahisi lakini hainati vizuri juu ya kikaboni na inaliwa na hewa, fedha kidogo inasaidia yote mawili. Tatizo ni vyanzo viwili vya kusawazisha kwa wakati mmoja, na magamba ya magnesi kwenye kuta za chemba, ambayo ukiyakwangua kizembe yanaweza kushika moto. Litiamu floraidi ni rahisi kutumia kuliko hiyo kwa kila hali, ila unene wake haubahatishwi. Nusu nanomita hadi moja inashusha volti. Ikizidi mbili au tatu inaanza kuwa kizio kama ilivyo kwa asili yake. Kasi ni nm 0.02 kwa sekunde. Kisha alumini nm 100: kumi za kwanza kwa nm 0.1 kwa sekunde, halafu 0.5. Alumini iliyoyeyuka inaila tungsteni, hivyo vidau vya tungsteni inamoyeyushiwa viwekwe akiba, na mwangaza wake wa joto usiachwe ukichoma kikaboni muda mrefu. Kiolezo cha chuma cha kathodi kina nafasi za mm 2 zinazokatiza michirizi ya ITO, na kila makutano ni doa la mm² 4.

Kipimo cha kwanza nakifanya bila kuangalia mwanga kabisa. Natoa volti 3 hasi. Doa zima linapitisha sehemu ndogo ya mikroampia. Likipitisha miliampia, lina shoti. Kati ya sifuri na volti 2 chanya mstari uwe laini. Ukiruka-ruka, kuna chembe mahali fulani. Wakati mwingine volti hasi kidogo zaidi huunguza njia hiyo nyembamba na doa linapona, ingawa doa la namna hiyo silitumii kwa vipimo vya maisha. Baada ya hapo, ITO kwenye chanya, hatua za volti 0.2. Mwanga huonekana karibu volti 3. Nalenga miliampia 0.4, yaani miliampia 10 kwa sentimita ya mraba, na kwa kandela 3 hadi 4 kwa ampia natarajia kandela 300 hadi 400 kwa mita ya mraba. Mita ya mwangaza iwe na lenzi ya karibu. Duara lake likiwa kubwa kuliko doa, inasoma giza la pembeni na kukupa takwimu za kukatisha tamaa.

Doa lisilofunikwa, likiachwa hewani, utaliona likifa kwa hadubini. Huanza na nukta nyeusi za duara, zinakua, zinaungana. Haziashirii kwamba Alq3 imechoka: mkondo haupiti tu hapo. Kathodi ina vitobo vidogo, mara nyingi pale palipokuwa na chembe, maji yanaingia, alumini inaoksidika mahali inapokutana na kikaboni na kunyanyuka. Ushahidi ni kwamba ukimulika nukta hiyo kwa urujuanimno, Alq3 iliyo chini bado inawaka kijani. Kwa hiyo idadi ya nukta inatokana na vumbi lako, na kasi ya kukua inatokana na unyevu. Ni magonjwa mawili, yanatibiwa tofauti.

Tiba ya ugonjwa wa pili ni kifuniko. Kutoka kwenye chemba kioo kinaingia kwenye sanduku la glavu la naitrojeni lenye maji na oksijeni chini ya sehemu moja kwa milioni. Nachukua kifuniko cha kioo chenye shimo la kina kidogo, nabandika ndani karatasi ya kalsiamu oksidi ya kunyonya unyevu, nazungusha gundi ya epoksi upana wa mm 1 hadi 2, nafunika madoa kwa karatasi ya alumini na kuikausha gundi kwa urujuanimno. Gundi nyingi ni mbaya kuliko chache: inatiririka ndani na mvuke wake unaua kingo za madoa. Maji hayapiti kwenye kioo, yanapita kwenye mstari wa gundi, ndiyo maana mstari mpana na mwembamba wa kimo unashinda mnene. Skrini za plastiki zinazokunjwa hazina kioo cha kuzilinda, zinahitaji matabaka yanayopitisha maji yasiyozidi gramu 10⁻⁶ hivi kwa mita ya mraba kwa siku.

Ukishapata asilimia 1 ya ufanisi wa nje, yaani fotoni moja nje ya kioo kwa kila elektroni 100, usijilaumu, hesabu ndiyo inavyotaka. Robo tu ya jozi za elektroni na tundu zinaweza kutoa mwanga kwa molekuli ya aina hii, robo hivi ya hizo ndizo Alq3 inazogeuza mwanga kweli, na moja ya tano ndiyo inayotoka nje ya kioo. Robo ya kwanza ndiyo iliyovunjwa na kundi la Forrest na Thompson mwaka 1998 kwa molekuli za fosforesensi zenye platini. Ya pili ndiyo unayoweza kuishughulikia kwenye chemba hiyohiyo, kwa njia ya hataza 4,769,292 ya 1988: kuchanganya rangi kidogo ndani ya Alq3.

Nilitumia rangi ya kumarini 6, chini kidogo ya asilimia 1, kwenye nm 30 za kwanza za Alq3 juu ya NPB, kwa kuwa jozi hukutana karibu na mpaka huo. Nm 30 za juu ni Alq3 tupu. Alq3 ikienda nm 0.2 kwa sekunde, rangi inatakiwa 0.002, na fuwele ya kawaida haiwezi kusoma kasi hiyo. Niliipa rangi fuwele yake, nikaikinga isipigwe na Alq3, nikaisogeza karibu na kikombe mpaka isome mara kumi ya kile kinachofika kwenye kioo, na usomaji nikauchukulia wastani wa dakika nzima. Ikizidi asilimia 2 molekuli za rangi zinaanza kuzimana na kijani kinavutika kuelekea manjano. Na rangi hiyo haitoki kwenye chemba kirahisi: baada yake tengeneza kipande kimoja cha Alq3 tupu na upime spektra, ukilinganisha na ile ya kabla, ndipo uendelee na kazi nyingine.