Othello alisikizwa, Desdemona hakusikizwa

Kifo cha Desdemona kina mwenyewe, na mwenyewe ni mumewe, Othello. Naandika hivi nikijua kwamba nyumbani kwetu Kibokoni wengi hawanikubali, na wa kwanza ni binti ya dada yangu. Yeye na wenzake wanalitayarisha igizo la Shakespeare la Othello kwa onyesho la shule, na alasiri huja barazani kwangu kufanya mazoezi. Ijumaa iliyopita, viazi karai vilipokwisha sahanini, walinitaka niwe hakimu wao. "Khalati, wewe umekaa mahakamani umri wako wote. Tuambie, nani mwenye makosa?" Hukumu walikuwa nayo tayari. Karibu yote wamempa Iago, askari aliyemfitini Desdemona kwa Othello kwamba anatembea na Cassio, naibu wa Othello; kidogo Emilia, mke wa Iago na mtumishi wa Desdemona; na kidogo Desdemona mwenyewe kwa sababu hakujua kunyamaza. Othello walimwonea huruma.

Nilikuwa karani wa mahakama hapa Mombasa mpaka nikastaafu. Igizo hili nalisoma kwa jicho la kazi hiyo: nani kashtakiwa, nani kaitwa, nani kapewa nafasi ya kusema. Ukilisoma hivyo utaona lina kesi tatu ndani yake, na Othello yumo katika zote.

Ya kwanza ni ule usiku wa Venice. Seneta Brabantio anaamshwa usingizini aambiwe binti yake Desdemona ametoroka na kuolewa na Othello. Anakwenda moja kwa moja mbele ya Mtawala kumshtaki: huyu mtu amemroga mwanangu kwa madawa. Brabantio ni mzaliwa, mwenye cheo na jina. Othello ni mgeni, mweusi, na usiku huohuo rangi yake imetukanwa barabarani kwa maneno ambayo sitaki kuyaandika hapa. Hata hivyo Mtawala anamwambia seneta kwamba kudai si kuthibitisha. Othello anaomba jambo moja tu: mwiteni bibi mwenyewe aje aseme mbele ya baba yake. Watu wanatumwa, Desdemona anakuja, anasema kwa kinywa chake kwamba alimpenda kwa hiari yake, na kesi inakwisha pale pale. Najua Venice ilikuwa na haja na jemadari wake, kwani merikebu za Waturuki zilikuwa njiani kwenda Saiprasi. Lakini aliitiwa shahidi, na shahidi huyo ndiye aliyemwokoa.

Mambo yanageuka wakifika Saiprasi. Sisi tuliokulia karibu na Ngomeni hatuhitaji kuelezwa sana. Fort Jesus Wareno waliijenga kuanzia 1593 hadi 1596, miaka michache tu kabla ya igizo hili kuchezwa mbele ya Mfalme James mjini London mwaka 1604. Katika ngome ya askari ng'ambo ya bahari hakuna seneti wala baraza la wazee. Aliye na ufunguo wa lango ndiye mwenye sheria. Desdemona amekwenda mahali ambapo hana baba, hana mjomba, hana jirani wa kumgongea mlango, na mumewe ndiye gavana.

Hapo ndipo kesi ya pili. Cassio amenyweshwa akalewa, akapigana, akamjeruhi Montano, gavana aliyemtangulia Othello. Othello anaamka na kuuliza nani aliyeanza, na anayemweleza ni Iago. Cassio kwa aibu anasema hawezi kusema kitu. Basi, kazi imekwenda, kwa neno la shahidi mmoja, na kesho yake hakuna aliyerudi kuchunguza upya. Hapa wasichana wangu walipita haraka mno, na mimi nikawarudisha. Iago hakujifunza udhaifu wa bwana wake kwa uchawi. Aliuona kwa macho yake usiku ule: mtu huyu akikasirika, shahidi mmoja humtosha.

Ya tatu ndiyo inayoniuma. Katika tendo la tatu Othello anamshika Iago na kumtaka ushahidi wa macho, asipouleta atakiona. Maneno ya haki kabisa. Na analetewa nini? Ndoto. Iago anasema alilala karibu na Cassio akamsikia akimtaja Desdemona usingizini. Kisha anaongeza kwamba amemwona Cassio akijipangusia ndevu kitambaa cha mkono chenye nakshi ya stroberi, zawadi ya Othello kwa mkewe. Ningemletea hakimu yeyote niliyefanya kazi naye ushahidi wa ndoto ya mtu mwingine, angenitoa nje. Othello, katika onyesho hilohilo, anaagiza Cassio awe amekufa ndani ya siku tatu. Mshtakiwa hajaulizwa hata swali moja.

Msinijibu kwamba hakuwa na njia ya kujua. Tendo la nne, onyesho la pili, anamhoji Emilia, anayekaa na Desdemona asubuhi hadi usiku. Anamuuliza kama amewaona wakinong'onezana. Kama aliwahi kutumwa akalete kipepeo cha kujipepea, au glavu, au barakoa, ili wawili wale wabaki peke yao. Emilia anajibu hapana, hakuona, hakusikia, hakushuku, na yuko tayari kuiweka roho yake rehani kwamba bibi yake ni mwaminifu. Ushahidi wa mtu aliyekuwepo, umetolewa waziwazi! Othello anamtoa chumbani na kusema moyoni kwamba hata kuwadi angesema vivyo hivyo. Usiku wa mwisho Desdemona anamwomba kile Othello mwenyewe alichokiomba kule Venice: mwite Cassio, mwulize. Anajibiwa kwamba kinywa cha Cassio kimeshazibwa.

Wasichana wanasema Desdemona angeacha kumtetea Cassio yasingefika huko. Hapo nilipandisha sauti, na sijutii. Maneno hayo nimeyasikia kwenye korido za mahakama mara nyingi kuliko ninavyotaka kukumbuka, yakisemwa na jamaa wa mume huku mke amefungwa bandeji: "Kwani alikuwa amemwambia nini?" Desdemona alimwombea mtu kazi yake irudi, mchana, mbele ya mumewe mwenyewe. Aliponyimwa alirudia. Alipoulizwa kitambaa alisema hakijapotea, na huo kweli ni uongo, wa mwanamke aliyeogopa. Hata akikata roho, Emilia anapomuuliza nani kafanya haya, anajibu: hakuna, ni mimi mwenyewe. Nani atathubutu kumwongezea lawama mtu kama huyo?

Iago simwachilii. Ni mfitini, mwizi wa pesa za Roderigo, kijana aliyemtaka Desdemona, muuaji wa Roderigo na wa mkewe mwenyewe, na mwisho anakataa kusema neno hata moja la kueleza kwa nini. Lakini lawama si mkate wa sinia, kwamba ukimkatia mmoja kipande kikubwa wa pili apate makombo. Iago ana hatia nzima ya kupanga, na Othello ana hatia nzima ya kuua. Mikono iliyomziba Desdemona pumzi haikuwa ya Iago.

Najua kwa nini pwani tunamhurumia Othello. Ni mtu wetu, ametoka upande huu wa dunia, amewatumikia wale wakubwa vitani na bado hawamtaki mezani kama mkwe. Iago anajua pa kugusa: anamkumbusha kwamba mke huyu alimhadaa baba yake, na kwamba wanawake wa Venice yeye mgeni hawajui. Kidonda hicho ni cha kweli na nakisoma kwa uchungu kila mara. Hakimfanyi Desdemona awe na deni. Na mwishoni, kabla ya kujichoma kisu, anawaagiza watakaoandika barua kwenda Venice waseme kwamba alipenda mno ingawa bila busara. Mimi niliyeandika majalada nisingeliandika hilo. Ningeandika kwamba mlalamishi, shahidi, hakimu na mtekelezaji wa hukumu walikuwa mtu mmoja.

Tunabishana sasa juu ya Emilia. Aliokota kitambaa akampa mumewe, basi, mume alikuwa amekitaka sana. Lakini baadaye Desdemona anamuuliza kimepotelea wapi, naye anajibu hajui. Halafu Othello anaingia, anakidai kwa hasira mara kwa mara, na Emilia yuko palepale, kimya. Katika kisa cha Mwitaliano Cinthio cha mwaka 1565, ambacho Shakespeare alikitumia, mke wa yule mfitini anajua njama yote na hasemi kwa kumwogopa mumewe. Kitambaa huko hakichukui yeye. Mumewe anakiiba wakati Desdemona amempakata mtoto wao mdogo. Shakespeare akambadilisha: kampunguzia ujuzi, kampa kitambaa mkononi, na mwishoni kampa ulimi, mpaka anasema yote mbele ya watu na kuuawa kwa ajili hiyo. Kwangu mimi, kimya kile cha tendo la tatu ndicho kosa kubwa kuliko yote ya watu wasiokusudia mabaya.

Kwa hivyo nimewaomba wasichana Emilia asimame mbele ya jukwaa Othello anapokidai kitambaa, uso wake uonekane hadi viti vya nyuma. Anayemwigiza anakataa. Anasema, "Khalati, Emilia hajui kama ni jambo la roho ya mtu, akiwekwa mbele watu watamchukia mapema." Mwalimu wao amewapa mpaka Jumatano waamue, na mpwa wangu, ambaye bado anamtetea Othello, kwa hili yuko upande wangu.